Mnyama wa Jirani Akiingia Shambani Mwako



Mwezi huu napenda kuwaandikia habari ya jambo dogo ambalo limevunja ujirani wa watu wengi katika nchi yetu ya pwani, tangu Kerege na Mapinga hata Bagamoyo mjini, na kuendelea kaskazini hata Saadani. Jambo lenyewe ni mnyama wa jirani kuingia katika shamba lisilo la bwana wake. Labda mtasema, Je, hilo nalo ni la kuandikwa? Mbuzi huingia, hufukuzwa, na mambo huisha. Kama ingalikuwa hivyo, nisingalishika kalamu. Lakini nimeona watu wawili wa kanisa moja wakiacha kuamkiana kwa ajili ya ng'ombe mmoja na jaruba moja la mpunga. Na mimi mwenyewe, niliye mwalimu wa dini, nimekosa katika jambo hili mbele ya watoto ninaowafundisha. Kwa hiyo sitaanza kwa kuwashauri wengine. Nitaanza kwa kusimulia kosa langu.

Shamba langu liko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mji wa Bagamoyo, upande wa Kaole. Lina muhogo, kunde, mikorosho michache, na miche ya minazi niliyoipanda kwa ajili ya wanangu. Jirani yangu wa upande wa magharibi ni mzee Mwislamu, mtu mcha Mungu, naye hufuga mbuzi. Tumekaa pamoja miaka kumi na miwili, tukiazimana shoka na jembe, tukisaidiana katika misiba na arusi. Siku hizo zote hatukupata kugombana.

Hata siku moja ya mwezi wa Septemba, majani yote yamekauka kwa kiangazi, nalikuwa nikirudi kutoka darasani wakati wa mchana, na watoto sita wakinifuata ili nikawape vitabu. Nalipofika shambani naliona mbuzi sita katikati ya muhogo. Muhogo ule naliupanda wakati wa masika, umri wake ulikuwa miezi mitano, na ndio uliokuwa tegemeo letu la chakula kwa mwaka uliofuata. Miti mingine ilikuwa imebaki fimbo tupu. Mingine imechunwa gome lake. Na miche miwili ya minazi ilikuwa imeliwa hata moyo wake.

Basi, hasira ikanipanda. Sikuita mtu, wala sikuhesabu kitu. Naliokota jiwe, nikalitupa kwa nguvu zangu zote. Mbuzi watano wakakimbia. Wa sita, jike mweusi mwenye baka jeupe kichwani, akaanguka akilia, maana mguu wake wa mbele ulikuwa umevunjika. Nalipomkaribia naliona ya kuwa ana mimba. Watoto wamesimama nyuma yangu, kimya. Mmoja wao akaniuliza, "Mwalimu, atakufa?" Nami sikuwa na jibu la kumpa.

Jioni, baada ya sala ya magharibi, nalisikia sauti mlangoni: "Hodi, Mwalimu."

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Akaketi juu ya kigoda, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nimeambiwa mbuzi wangu waliingia kwako. Kwa hilo nina kosa, kwa maana kijana aliyewachunga alilala usingizi. Lakini yule mbuzi, Mwalimu, aliujua mpaka? Wewe unajua kusoma, yeye hajui."

Nami badala ya kumwomba radhi nikamjibu kwa ukali, "Na muhogo wangu, mzee, ulijua kukimbia?"

Akaondoka, akasema, "Basi, kesho twende kwa mwenyekiti." Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili kutoka nyumbani kwangu bila kuaga. Mke wangu, aliyekuwa amesikia yote kutoka uani, akaniambia maneno machache tu: "Ulikuwa na haki yako mchana. Sasa hatujui iko wapi."

Kesho yake tukakutana chini ya mwembe, nyumbani kwa mwenyekiti wa kitongoji, pamoja na wazee watatu na mama mmoja mkunga ambaye watu wote humheshimu. Nalieleza madai yangu: miti 62 ya muhogo, na miche 2 ya minazi. Mwenyekiti akaniuliza, "Mbuzi walikuwa wangapi?" Nikasema, Sita. "Ni nani aliyewaona pamoja nawe?" Nikasema, Watoto wa darasa. "Uliwashika?" Nikasema, Hapana, walikimbia.

Jirani yangu akasema, "Mimi namkiri huyu mmoja, kwa sababu alikutwa ndani. Wale wengine sikuwaona mimi, wala Mwalimu hakuwashika, na kitongoji kizima kina mbuzi." Hakusema uongo. Ndipo watoto wakaulizwa, nao wakasema kweli kama nilivyowafundisha: waliona mbuzi wengi, lakini hawakujua ni wangapi wala ni wa nani, jambo walilolijua hakika ni kwamba walimwona mwalimu akitupa jiwe. Basi nalikwenda pale kama mdai, nikajikuta mdaiwa. Ushahidi wangu wote nalikuwa nimeufukuza kwa mkono wangu mwenyewe, na ule uliobaki ulikuwa umevunjika mguu.

Mwenyekiti akanigeukia, "Mwalimu, kitabu chako chasemaje juu ya mambo kama haya?" Nikafurahi kidogo, maana nalikumbuka Kutoka sura ya 22, mahali panapoamriwa ya kuwa mtu akiacha mnyama wake ale katika shamba la mwingine, atalipa kwa mazao yaliyo bora ya shamba lake mwenyewe. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Lakini yule mama mkunga akasema, "Endelea kusoma, Mwalimu." Nikajua anataka nini. Sura inayofuata, ya 23, yaamuru kwamba ukimkuta ng'ombe au punda wa adui yako amepotea, sharti umrudishe kwake. Haikusemwa mnyama wa rafiki. Imesemwa wa adui. Nami jirani yangu hakuwa hata adui. Nikaona haya mbele ya wote.

Ndipo mzee akasema, "Sisi nasi tunayo habari hiyo." Akasimulia kwamba katika Kurani, sura ya 21, wametajwa Daudi na Sulemani wakihukumu neno la shamba lililoingiliwa na kondoo za watu wakati wa usiku. Wafasiri wameeleza ya kuwa Daudi alitaka kumpa mwenye shamba kondoo wenyewe, wawe malipo ya hasara. Lakini Sulemani aliona njia nyingine: mwenye kondoo achukue shamba alilime hata lirudie hali yake ya kwanza, na mwenye shamba akae na kondoo kwa muda huo, apate maziwa yao na sufu yao, kisha kila mtu amrudishie mwenzake mali yake.

Watu wakanyamaza wakifikiri. Mwenyekiti akasema, "Kwa nini na sisi tusifanye hivyo?" Tukapatana. Mvua za vuli zikianza, vijana wawili wa mzee watapanda tena muhogo ulioharibika, na kunisaidia kutengeneza ua. Nami nitamtunza yule mbuzi nyumbani kwangu mpaka atembee, kwa gharama yangu; na kama mimba ikiharibika, nitalipa. Tukaandika hati mbili, moja yake na moja yangu, tukatia sahihi, na mwenyekiti na yule mama wakatia zao. Bwana mifugo akaja, akaufunga mguu kwa vipande vya mwanzi juu ya pamba na kitambaa. Siku ya nne mbuzi akaharibu mimba. Nikamlipa mzee thamani ya mwana-mbuzi, naye akazipokea fedha bila kusema neno. Kimya chake kiliniuma kuliko kama angalinilaumu.

Lakini liko jambo moja zaidi nalilojifunza, nalo ni la faida kwa kila mkulima. Bwana shamba alipokuja kukagua, alikataa kutia thamani siku ile ile. Akasema, "Mti wa muhogo uliopoteza majani tu huchipuka tena, ingawa mizizi yake itachelewa kunenepa. Uliochunwa gome pande zote, au uliong'olewa, huo ndio uliokufa. Tusubiri wiki tatu." Tukasubiri. Katika ile miti 62, miti 43 ilichipuka. 19 ndiyo iliyokufa. Kama ningalilipwa kwa ile hesabu yangu ya hasira, ningalichukua mali ya mwenzangu isivyo haki. Tena akanieleza kwamba mambo ni hivyo kwa mazao mengi. Mahindi machanga, kabla hayajafika magotini, huweza kuota tena yakiliwa majani, kwa kuwa jicho la kukua lingali chini ya udongo. Lakini yakiisha kurefuka na kukatwa, hayarudi. Mche wa mnazi una jicho moja tu la kukua, nalo likiliwa mche umekufa. Na hasara yake haipimwi kwa ukubwa wa mche, bali kwa miaka, maana mnazi wetu mrefu wa pwani hukaa miaka sita hata minane kabla ya kuzaa.

Sasa, wapenzi wasomaji, msidhani ya kuwa nawaletea maneno makubwa kwa ajili ya mbuzi mmoja. Sababu ya kuandika ni hii: ugomvi wa namna hii ukiachwa huweza kufika mbali sana. Zamani pwani yetu ilikuwa na ng'ombe wachache kwa sababu ya mbung'o, yule nzi aletaye ugonjwa wa nagana. Wakulima wa Kizaramo, Kikwere, Kidoe na Kizigua walizoea kulinda mashamba yao na nguruwe mwitu, ngedere na ndege, si na makundi ya ng'ombe. Waparakuyo, ambao ni jamaa ya Wamasai, wamechunga katika bara ya Bagamoyo kwa vizazi kadhaa. Katika miaka ya 1950 kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha ranchi huko Mkwaja, karibu na Saadani, ili kupata nyama kwa ajili ya wafanyakazi wake, ikapigana na mbung'o kwa dawa miaka mingi. Ranchi hiyo ilifungwa mwaka 2000, na nchi yake ikatiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005.

Tangu miaka hiyo wafugaji wengi zaidi wameshuka na makundi yao, Wamasai, Wabarabaig na Wasukuma, wakitafuta malisho na maji kandokando ya mito ya Ruvu na Wami. Wengine hawakuja kwa kupenda. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, wakaelekezwa Lindi, na baadhi yao wakaishia Rufiji katika Mkoa wa Pwani. Wakati huo huo watu wa mji wameongezeka, viwanja vimepimwa, na mapito ya zamani ya mifugo yamejengwa nyumba. Ng'ombe aendaye mtoni hana budi kupita kwa mtu. Kwa hiyo jirani wa leo si lazima awe mzee mliyezikana naye. Pengine ni mtu wa lugha nyingine, ambaye hujui jina lake, naye hajui lako.

Na mambo yanavyoweza kuwa, yalionekana Kilosa, mkoani Morogoro. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika vita vya wafugaji na wakulima. Ugomvi wa mifugo na mashamba ulikuwa umetangulia kwa muda mrefu, na mifugo ilikuwa imekamatwa kabla damu haijamwagika. Wataalamu waliochunguza habari zile walieleza kwamba rushwa nayo ilikuwa na sehemu yake: kila upande ulikuwa umekwisha kupoteza imani kwamba utapata haki mbele ya wakubwa. Watu 38! Tukumbuke ya kuwa asubuhi ya ugomvi wa kwanza, mahali fulani, palikuwa na mnyama aliyekula asichopewa, na mtu aliyekuwa na nafasi ya kuchagua la kufanya.

Kwa hiyo neno langu kwenu ni hili: shauri la mnyama aliyepotea huamuliwa zaidi katika saa ya kwanza, kabla mwenyewe hajafika. Ukitenda vema katika saa hiyo, haki yako itakaa mkononi mwako hata barazani. Ukitenda kwa hasira, utaipoteza kama nilivyoipoteza mimi. Hasira hasara, walisema wazee wetu.

Basi katika saa hiyo fanya hivi. Kwanza, mtoe mnyama shambani kwa upole, kwa faida yake na yako. Mnyama akikimbizwa katikati ya mimea huharibu kwa kwato zaidi ya alivyoharibu kwa meno. Tena majani ya muhogo mchungu yana sumu. Mbuzi aliyeyala kwa wingi aweza kufa, na akifia kwako, nani atasadiki kwamba hukumwua? Ukiweza kumshika, mfunge kivulini, umpe maji. Mnyama aliye mkononi mwako ni amana. Kumzuia ili mwenyewe aje ni jambo moja. Kumkamua maziwa kwa siri, kumnyima maji, au kumfanya biashara, yaani kutaja fedha ya kumkomboa kabla hasara haijapimwa, ni jambo jingine, nalo huwasha moto.

Pili, mpelekee mwenyewe habari mara moja, wala usingoje ajitafutie. Siku hizi simu zipo. Na kama huna namba yake, mtume mtoto mwenye adabu. Usitume matusi pamoja na habari. Useme tu, "Mnyama wako yuko kwangu, yu salama, njoo tuone."

Tatu, ita mashahidi wawili wasio wa nyumba yako, wahesabu wanyama na miti iliyoliwa, papo hapo. Kama mna simu ya kupigia picha, pigeni picha za kwato, za mimea, na za alama za masikio ya mnyama. Andikeni tarehe na hesabu katika karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hasara vilevile.

Nne, kagueni mara mbili: siku ile ile, na tena baada ya wiki mbili au tatu, pamoja na bwana shamba akipatikana. Malipo yafuate ukaguzi wa pili.

Tano, msipopatana, nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kijiji. Na kama shina la ugomvi ni mpaka wenyewe, au njia ya mifugo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeweka baraza la ardhi la kijiji, lenye watu saba, ambao watatu kati yao ni wanawake, kwa kazi ya kuwapatanisha watu. Sheria hiyo hiyo imefungua njia kwa wakulima na wafugaji kuafikiana jinsi ya kutumia ardhi pamoja, kwa mfano malisho ya mabua baada ya mavuno. Kumbuka pia ya kuwa Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu yahesabu kuwa kosa la jinai kumwua au kumjeruhi mnyama wa mtu kwa makusudi na pasipo haki, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza kumtesa. Nalipotupa lile jiwe sikuyakumbuka hayo. Kama mzee angalitaka kunipeleka polisi, angaliweza.

Na wewe mwenye mifugo, usiseme, Ni mnyama tu, hana akili. Kwa kuwa hana akili, ndiyo maana amepewa mchungaji. Usimpe mtoto wa miaka saba ng'ombe thelathini apite nao kando ya mpunga. Watie zizini kabla ya jua kutua. Wenzetu Waislamu wana mapokeo ya kwamba Mtume Muhammad aliamua habari ya ngamia wa Al-Baraa bin Azib aliyeingia katika bustani ya watu, akasema kwamba wenye bustani wazilinde mchana, na wenye wanyama wawalinde wanyama wao usiku. Ni mgawanyo wa haki ambao hata Mkristo aweza kuufuata: mchana sote tu macho, lakini usiku mkulima hana budi kulala. Ukipata habari kwamba mnyama wako ameingia kwa mtu, nenda upesi, nenda mwenyewe, na neno lako la kwanza liwe, "Nimekosa, jirani." Neno hilo halikuongezei deni lolote.

Wala msidhani ya kuwa matata haya ni ya Waafrika tu. Katika nchi ya Marekani, jimbo la California, yuko mtaalamu wa sheria, jina lake Robert Ellickson, aliyechunguza wafugaji na wakulima wa wilaya ya Shasta, akatoa kitabu mwaka 1991. Aliona ya kuwa watu wale, ingawa mahakama zipo na mawakili wapo, karibu hawawaendei kwa ajili ya ng'ombe waliopotea. Mtu akimwona ng'ombe wa mwenzake kwake humpigia simu, humtunza hata mwenyewe aje, pengine siku kadhaa, wala hamtozi gharama ya majani. Hesabu huishika moyoni: leo wako kwangu, kesho wangu kwako. Mtu asiyejali huonywa kwanza kwa maneno, kisha husemwa na majirani wote, na hapo wengi huona haya wakajirekebisha. Nalipoisoma habari hiyo nalishangaa, maana ndivyo walivyoishi wazee wetu hapa Bagamoyo bila kitabu.

Neno la mwisho ni juu ya ua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Makuti hayamzuii mbuzi. Ataukula ua kwanza, kisha muhogo. Panda minyaa, au mibono, ambayo wanyama hawapendi kuila. Panda vipande vyake karibu karibu mwanzo wa mvua, na mahali palipo wazi ongeza mkonge au miiba. Miche ya minazi izungushie fito kila mmoja peke yake mpaka makuti yake yapite urefu wa shingo ya mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili. Na kama mnyama hupita shambani mwako kwa sababu njia yake ya maji imezibwa, ua wako hautatosha. Huo ni wajibu wa kijiji kizima kukaa na kuitenga njia.

Walimu wenzangu, nawasihi ninyi hasa. Watoto wetu husahau upesi tunayoyasema darasani, lakini tunayoyatenda shambani hawayasahau. Jumamosi iliyofuata baraza, naliwaita wale watoto sita, nikawaambia ya kuwa mwalimu wao alikosa, na ya kuwa amekwisha kulipa. Yule aliyeniuliza kama mbuzi atakufa, akaomba kumletea majani kila siku. Akaleta, akaleta na ndugu zake. Baada ya wiki tano mbuzi akatembea, akichechemea kidogo, nami nikamrudisha kwa mzee. Akamtazama miguu, akanitazama mimi, akasema, "Mwalimu, kaa, unywe kahawa." Nikakaa.

Vuli ilipoanza, vijana wake wakaja na vipande vya mbegu ya muhogo, tukapanda pamoja ile miti 19, kisha tukapanda minyaa mpakani, mstari mmoja upande wake na mstari mmoja upande wangu. Mwaka wa pili yule mbuzi mweusi alizaa mapacha. Bado huchechemea, kila nimwonapo akipita nakumbuka lile jiwe, nami naona ni vema nikumbuke.

Wasalaam, mimi mwalimu mwenzenu, Bagamoyo.